Paipu za Chuma za Breki: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Paipu ikitoboka, ichomelewe au iungwe kwa kipande cha mpira na klipu.

Ukweli: Breki zikikanyagwa kwa nguvu, presha ndani ya paipu inaweza kupita bar 100. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo tu. Mpira uliobanwa kwa klipu utachomoka, tena siku ya kukanyaga breki kwa dharura. Kuchomelea nako hakufai: ukuta wa paipu ni mwembamba, haufiki hata milimita moja, na moto huunguza kinga yake dhidi ya kutu. Isitoshe, palipotoboka kwa kutu, chuma cha jirani nacho kimeshaliwa. Badilisha paipu yote, kutoka kiungo hadi kiungo. Ikibidi kubadilisha kipande tu, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima.

Viungo vya pete vya mafundi bomba za maji navyo viachwe huko huko. Pete hubana paipu kwa nje tu, na presha ya breki huweza kuichomoa.

Dhana: Paipu ya shaba tupu ndiyo bora, maana haishiki kutu.

Ukweli: Kutu haishiki, lakini mtikisiko wa gari huifanya iwe ngumu na hatimaye ipasuke. Tumia chuma cha breki chenye kinga, au mchanganyiko wa shaba na nikeli (takriban asilimia 90 kwa 10), unaokunjika kwa urahisi na kuhimili kutu. Kipenyo kinachotumika zaidi ni milimita 4.75, lakini pima ya zamani kwanza.

Dhana: Nati ikiingia na kukaza, kazi imekwisha.

Ukweli: Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kinachozuia mafuta ni mdomo wa paipu unaokaa kwenye kiti chake. Nati kazi yake ni kuusukuma tu. Ndiyo maana tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi haisaidii kitu, na vipande vyake vinaweza kuziba njia ya mafuta.

Midomo iko ya aina mbili kuu: uliokunjwa mara mbili wenye umbo la faneli, na ule wa kiputo. Magari mengi ya Japani hutumia wa kwanza, mengi ya Ulaya hutumia wa pili, na yote hayo mara nyingi yana nati ya M10x1. Kwa hiyo ukikosea aina ya mdomo, nati itaingia vizuri kabisa na mafuta yatavuja. Nakili mdomo wa zamani. Wa faneli usikunjwe mara moja tu, hupasuka.

Kata kwa kikatio cha gurudumu, maana msumeno huacha mdomo uliokatika mshazari na vumbi la chuma ndani. Ondoa makali ya ndani na nje, kisha puliza paipu. Ivishe paipu nati *kabla* ya kutengeneza mdomo. Ukisahau, utakata na kuanza upya. Anza kufunga nati kwa vidole, na umalizie kwa spana ya paipu inayoshika nati karibu pande zote, pembe zake zisije zikaviringika. Rudisha klipu zote, kwani paipu inayocheza husuguana na bodi mpaka itoboke.

Dhana: Mfumo una mikondo miwili, kwa hiyo mmoja ukivuja unaweza kuendelea na safari.

Ukweli: Mkondo wa pili upo ili gari liweze kusimama, basi. Pedali hushuka zaidi na gari husimama mbali sana.

Dhana: Ukijaza mafuta ya breki, pedali itarudi yenyewe.

Ukweli: Upepo ulioingia kwenye paipu lazima utolewe kwenye nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye breki ya gurudumu), kwa utaratibu wa kitabu cha gari, kwa mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 5 ya silikoni haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Upepo ukiingia kwenye kifaa cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande wakati wa kufunga breki), huenda ikahitajika mashine ya uchunguzi kufungua vali zake.

Mwisho, washa injini na kanyaga pedali kwa nguvu kwa dakika moja huku mwenzako akikagua kila kiungo kwa karatasi kavu. Pedali ikizama polepole, au karatasi ikilowa, gari lisitoke.