Maana ya mwingiliano wa sumakuumeme katika utafutaji wa metali ardhini

Mwingiliano wa sumakuumeme ni hali ambayo kigunduzi cha metali hupokea mawimbi yasiyotoka kwenye kitu kilichofukiwa, bali kwenye nyaya za umeme, simu, radi au mashine nyingine iliyo jirani, kisha kikayatoa masikioni mwa mtumiaji kama mlio. Wanaotafuta dhahabu huiita kelele. Neno hilo linatosha, ila lina kasoro moja: hutumika pia kwa milio inayosababishwa na udongo wenyewe, na matatizo hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Ili kuelewa kwa nini mashine husumbuka kirahisi hivyo, ni vyema kuanza na koili, ile sahani iliyo mwishoni mwa mpini. Ndani yake mna waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme unaobadilikabadilika ukipita humo huzalisha uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, nayo mikondo hiyo huzalisha uga wake hafifu unaorudi kwenye koili. Uhafifu huo ndio kiini cha tatizo. Kwa kipande kidogo cha dhahabu kilicho mbali na koili, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya jibu hupungua takribani mara 64, kwa sababu uga hudhoofika wakati wa kwenda na hudhoofika tena wakati wa kurudi. Ndiyo maana mashine hulazimika kukuza mno kila kinachoifikia, na koili, ambayo kwa umbile lake ni antena, haina namna ya kujua kama kilichoifikia kimetoka ardhini au kwenye transfoma iliyo ng'ambo ya barabara.

Umeme wa gridi wa Tanzania na Kenya huwa na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini chaja, taa za LED na inveta za sola huuchafua kwa mawimbi ya kasi kubwa zaidi, ambayo huingia hadi kwenye eneo la mizunguko 5,000 hadi 40,000 linalotumiwa na vigunduzi vingi vya kawaida. Radi nayo hutoa sehemu kubwa ya nguvu zake za redio karibu na mizunguko 5,000 hadi 10,000 kwa sekunde, na mawimbi hayo husafiri mamia ya kilomita na zaidi. Kwa hiyo mtu aliyeko Chunya, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye ardhi ya Lupa ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, anaweza wakati wa masika kusikia mashine ikipasuka vimlio vifupi vifupi ilhali mbingu iliyo juu yake ni nyeupe kabisa. Mashine zinazotuma umeme kwa mapigo, zinazopendwa kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi kwa kuwa huustahimili vizuri, ndizo pia zinazoathirika zaidi, kwa sababu husikiliza mawimbi ya upana mkubwa.

Kutofautisha kelele ya hewani na ya udongo ni rahisi. Simama, inua koili hadi usawa wa kiuno, mbali na kitu chochote cha metali, kisha uishike bila kuitikisa. Milio ikikoma, tatizo ni udongo, na linalotakiwa ni kusawazisha mashine na ardhi, yaani kuirekebisha ili ipuuze jibu la udongo wa mahali hapo. Milio ikiendelea, geuza koili polepole kama unayefunga mlango; ukisikia kelele ikipanda na kushuka kulingana na upande inakoelekea, basi chanzo kiko nje, na mara nyingi mzunguko huo hukuonyesha hata upande kilipo.

Hatua ya kwanza ni kuzima simu au kuiweka mbali na mwili, na kama mnafanya kazi wawili, mwachiane nafasi ya kutosha hadi mashine zisisikiane. Kisha iache mashine ijitafutie masafa tulivu, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde isiyo na kelele nyingi, koili ikiwa imetulia. Kinachofuata ni kupunguza usikivu, na hapa ndipo wengi hugoma wakidhani wanapoteza kina. Naamini wanakosea: mlio mdogo wa dhahabu ukimezwa na kelele haumfai mtu, hata kama kipimo cha usikivu kimepandishwa hadi mwisho. Ishara ya kweli hurudi pale pale kila koili inapopita juu yake, kwa kwenda na kwa kurudi, ilhali kelele ya hewani huibuka popote.

Koili ndogo husaidia kwa kuwa hukusanya mawimbi machache ya nje, ingawa haizami chini sana. Ipo pia koili iliyosukwa kwa umbo la tarakimu nane, ambayo vitanzi vyake viwili vimezungushwa kinyume, hivyo wimbi kutoka mbali huvigusa vyote karibu sawasawa na kujifuta, ilhali kipande kilicho chini ya kitanzi kimoja hubaki kikisikika.

Chini ya nyaya za msongo mkubwa, hatua zote hizo huweza kushindwa. Eneo kama hilo huwekwa alama na kuachwa, kisha hurudiwa umeme unapokatika, wakati mashine hiyo hiyo iliyokuwa ikipiga kelele mfululizo hutulia.