Kumwachisha mgonjwa wa moyo mashine ya kupumulia: maswali ya ndugu

Tumeambiwa upasuaji wa moyo umekwenda salama. Mbona mzee wetu bado yuko kwenye mashine?

Dawa za usingizi hazijamwisha mwilini, na moyo uliosimamishwa ili utengenezwe huamka umechoka. Hospitali nyingi hulenga kuutoa mrija wa mashine, ule uliopitishwa kooni, ndani ya saa 6 baada ya upasuaji. Aliyeingia chumba cha upasuaji na moyo dhaifu, au aliyetokwa na damu nyingi, anaweza kukaa nao siku kadhaa.

Mashine ni ya mapafu. Moyo unaingiaje hapo?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sisi tukipumua, kifua hutanuka na kuvuta hewa. Mashine hufanya kinyume: huisukuma ndani. Msukumo huo hupunguza damu inayorudi moyoni, na papo hapo hukipa nafuu chumba cha kushoto, kile kinachopeleka damu mwilini. Umewahi kumwona kijana akisukuma mkokoteni kwa nyuma ili mwenzake aupandishe mlima? Ndiyo kazi ya mashine kwa moyo uliochoka.

Ukiiondoa, kijana kaondoka. Damu inarudi kwa wingi, misuli ya kupumulia inadai oksijeni yake, mapigo na presha vinapanda. Moyo ukizidiwa, mapafu yanajaa maji.

Upande wa kulia wa moyo mambo hugeuka. Wenyewe unasukuma damu kupitia mapafu, kwa hiyo mapafu yakitanuliwa kupita kiasi, mzigo wake unaongezeka. Ndiyo maana mtoto aliyefanyiwa operesheni ya Fontan, ambaye damu yake huenda mapafuni bila chumba cha moyo kuisukuma, huharakishwa apumue mwenyewe.

Njia za kuachisha zinatofautianaje?

Kwanza mgonjwa hujaribiwa kwa dakika 30 hadi saa 2, mrija ukiwa bado kooni. Njia moja ni kumtoa kabisa kwenye mashine: mrija unafungwa kiungio chenye umbo la herufi T, oksijeni inapita, kila pumzi ni jasho lake. Nyingine humwachia mashine imsaidie kidogo, msukumo wa sentimita 5 hadi 8 za maji (ndicho kipimo cha nguvu ya hewa ya mashine).

Utafiti wa Hispania uliochapishwa 2019, wenye wagonjwa 1,153 wa ICU (wodi ya mahututi), ulikuta waliojaribiwa dakika 30 kwa msaada mdogo walifanikiwa kuachana na mashine kwa asilimia 82, na wa T ya saa 2 asilimia 74. Lakini hao walikuwa wagonjwa wa kila aina, si wa moyo peke yao. Msaada ule mdogo unaweza kuficha udhaifu wa moyo, ukaja kuonekana mrija umeshatoka. Kwa moyo wenye nguvu, njia nyepesi inatosha. Kwa moyo dhaifu, mimi ningetaka kwanza kuuona ukijaribiwa kwa T, au mgonjwa akitolewa mrija avalishwe mara moja barakoa ya hewa ya msukumo.

Alijaribiwa, dakika 20 tu akarudishwa. Ndiyo basi tena?

Hapana. Nesi aliona jasho kwenye paji la uso, au pumzi zimepita 35 kwa dakika, akasimamisha. Amefanya vyema. Sasa itafutwe sababu: kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) pale pale kitandani kitaonyesha kama moyo ndio ulioshindwa. Kama ni maji mapafuni, atapewa furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini, akojoe. Kama ni presha, ishushwe. Kisha ajaribiwe tena. Kumjaribu kila asubuhi bila kurekebisha kitu ni kumchosha bure.

Sisi tusaidie nini?

Mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti, hawezi kusema. Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kubana mkono. Na ukishatoka, ataomba maji. Msimpe, hata kijiko, mpaka nesi ahakikishe anameza bila kupaliwa.