Joto la ziada ni nini, na kwanini uulize kwanza sensa (kipima joto) imekaa wapi

Joto la ziada ni hivi: umeingiza umeme wa wati 100 kwenye kifaa, ukapima joto linalotoka ukapata wati 130, sasa zile 30 ambazo huoni zimetokea wapi ndo zinaitwa joto la ziada. Tarehe 23 Machi 1989, Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza huko Utah, Marekani, kwamba wamelipata kwenye chupa ya maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito) yenye kipande cha metali iitwayo paladiamu kilichopitishiwa umeme, wakasema viini vya atomu vinaungana humo ndani. Watu wakachangamka kweli, maana ingekuwa hivyo shida ya nishati ingekuwa imeisha.

Ila joto lenyewe hawakulisoma popote. Unachosoma ni digrii, joto unalipata kwa hesabu, na kosa dogo kwenye digrii linakuja kuwa kubwa kwenye wati. Mfano unapitisha maji lita 1 kwa dakika kupoza kifaa, kila digrii 1 ya tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka ni kama wati 70 hivi. Sasa themokapo za kawaida za aina ya K, zile sensa za nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, kuna daraja linaloruhusiwa kukosea mpaka digrii 2.5, kwa hiyo kama hukuzichovya kwanza zote kwenye maji yaleyale ukazilinganisha, unaweza ukaandika wati 175 ambazo hazipo, na hujamdanganya mtu makusudi.

Halafu hata sensa nzima kabisa inajua digrii za ncha yake tu. Umeshawahi kumimina maji ya moto kwenye ndoo ya kuoga bila kukoroga? Juu yanaunguza, chini baridi. Nathan Lewis, mwanakemia wa chuo cha Caltech, Marekani, aliuliza hilohilo kuhusu chupa za Utah, kwamba bila kukoroga digrii zinatofautiana kutegemea umechovya wapi, Fleischmann na Pons wakajibu mapovu yanayotokana na umeme yanakoroga vya kutosha. Na mwaka 2011 kwenye jaribio la E-Cat, kifaa ambacho Andrea Rossi alidai kinatoa joto la ziada na ambacho mvuke wake ulipasha maji ya kupimia, kule Bologna, Italia, sensa ya maji yanayotoka ilikuwa imebandikwa kwenye chuma karibu na mvuke unapoingilia, watu wakauliza hiyo inapima maji au inapima chuma? Mi naona swali lile lilikuwa la haki kabisa, na lingejibika kwa kusogeza sensa sentimita kadhaa kwenye bomba, chini zaidi mbali na mvuke.

Kwahiyo ukikutana na mtu anasema kapata ziada, muulize kama alitoa paladiamu akaweka hita ya kawaida ya wati anazozijua, sensa zikiwa palepale, maji yaleyale, masaa yaleyale. Kama na hapo inasoma ziada, basi inatoka kwenye upimaji.