Je, wajua kwa nini oili mpya huwa nyeusi siku chache tu baada ya sevisi?

Gari limetoka gereji juzi. Mwenyewe anafungua boneti, anachomoa stiki ya oili, anaifuta kwa kitambaa, anaichovya tena na kuitazama: nyeusi tii. Hukumu inatoka hapo hapo. Fundi amekula hela ya oili, amebandika karatasi ya tarehe na kilomita, na injini ameiacha kama alivyoikuta. Uhusiano wa miaka mingi na gereji unaweza kuvunjika kwa doa moja kwenye kitambaa.

Mara nyingi hukumu hiyo inamwonea fundi. Katika injini ya dizeli, oili iliyotiwa asubuhi inaweza kuwa nyeusi kabla gari halijavuka lango la gereji, na kila kitu kikawa kimefanywa sawasawa. Upande wa pili, injini inayotumia gesi inaweza kutembea maelfu ya kilomita huku oili yake ingali na rangi ya asali, ingawa joto na kemia ya mwako vimeshaichosha. Anayepima uaminifu kwa rangi peke yake anaweza kumtia hatiani fundi mwema na kumsafisha aliyedanganya.

Kosa linaanzia kwenye imani kwamba oili safi kwa macho ndiyo oili nzima, na iliyochafuka imekufa. Oili ya injini haikutengenezwa ili ibaki safi. Miongoni mwa kazi zake kubwa ni kubeba uchafu, na uchafu ukibebwa lazima uonekane. Kemikali za kusafisha zilianza kutiwa kwenye oili katika miaka ya 1930, wakati injini za dizeli za Caterpillar, kampuni ya matrekta ya Marekani, zilipokuwa zikisumbuliwa na ringi za pistoni kuganda kwa uchafu. Kabla ya hapo uchafu mwingi ulibaki umeng'ang'ania vyuma, na oili ikaonekana safi kuliko injini yenyewe.

Fikiria nguo ya kazi iliyojaa masizi. Ukiilowesha kwenye maji matupu, maji yanabadilika kidogo tu na nguo inabaki chafu. Tia sabuni, kamua, na dakika hiyo hiyo maji yanakuwa meusi. Hakuna anayesema sabuni hiyo ni mbovu, maana weusi ule umetoka kwenye nguo. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja inashika uchafu, nyingine inapenda maji, hivyo uchafu unazingirwa, unaelea, na haupati nafasi ya kurudi kwenye kitambaa. Ndani ya oili mpangilio ni huo huo, ila mahali pa maji pana oili. Ncha moja ya kemikali inajishika kwenye punje ya masizi, na mkia wake mrefu unayeyuka kwenye oili. Punje mbili zilizovikwa hivyo zikikaribiana, mikia inasukumana, zinashindwa kugandana. Kuna jambo jingine kwenye beseni la kufulia linalofanana na injini: ukiendelea kufua kwenye maji yale yale, sabuni inakwisha nguvu na uchafu unaanza kurudi kwenye nguo. Oili ikivushwa muda wake inafika hapo. Masizi yanagandana, yanatua kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, na kwenye njia za oili, na hilo ndilo tope zito jeusi ambalo fundi hulikwangua anapofungua injini iliyotelekezwa.

Lakini filta ipo, mbona haiyazuii masizi? Kwa sababu ya ukubwa. Punje moja ya masizi ina upana wa nanomita 20 hadi 50 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na punje kadhaa zilizoshikana zinafika nanomita mia na kitu. Filta ya kawaida ya oili imetengenezwa kunasa vizuri chembe za kuanzia maikroni 20 hivi, yaani nanomita 20,000. Inazuia vipande vya chuma, mchanga na mabonge ya uchafu. Masizi yaliyotawanywa vizuri yanapita, na yanatakiwa kupita. Filta ambayo ingeyanasa yote ingeziba mapema sana.

Dizeli ndiyo inayochafua haraka kwa sababu ya namna inavyowaka. Inanyunyizwa kwenye hewa iliyobanwa na kupata moto mkali, na kila tone linapowaka kuna sehemu zinazokosa hewa ya kutosha. Hapo masizi yanazaliwa. Mengi yanatoka na moshi, mengine yananata kwenye oili iliyopaka kuta za silinda, na ringi zinayakwangua hadi kwenye sampu. Injini inayorudisha sehemu ya moshi wake kwenye silinda ili kupunguza sumu hupata masizi zaidi. Petroli kwa kawaida huchanganyika na hewa vizuri kabla ya kuwaka, kwa hiyo oili yake huenda polepole kutoka rangi ya asali hadi kahawia. Isipokuwa injini za petroli zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda: hizo nazo hutoa masizi, na oili yake huwahi kuwa nyeusi.

Kuna sababu ya pili, ndogo lakini ya hakika. Boliti ya sampu ikifunguliwa, oili haitoki yote. Nyingine inabaki kwenye mifereji ya ndani, kwenye kipoza oili, kwenye turbo, na kwenye vishimo vya juu karibu na valvu. Oili hiyo ya zamani imejaa masizi, na kiasi chake kidogo kinatosha kupaka rangi lita 4 au 5 za oili mpya mara injini inapozunguka. Kumwaga oili ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare, na kuacha itone dakika 15 hivi hupunguza mabaki hayo. Hayaishi.

Zipo rangi zenye maana nzito. Oili iliyogeuka kama maziwa ya kahawia imeingiliwa na maji, na ikiwa maji ya rejeta yanapungua pia, injini isiwashwe tena kabla haijachunguzwa. Kwenye gari la safari fupi fupi, ukungu mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu ambao injini haikupata joto la kuukausha. Oili inayometameta kama ina vumbi la chuma inaonyesha beringi zinalika. Harufu kali ya petroli kwenye stiki ina maana mafuta yanavuja kuingia kwenye sampu na kuifanya oili kuwa nyepesi.

Sasa, kama rangi haitoshi kuwa shahidi, mwenye gari ashike nini? Filta kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi kurukwa: ukiifuta nje kwa kitambaa chenye petroli inang'aa kama mpya. Kabla ya kupeleka gari, chora alama ndogo kwenye filta kwa kalamu ya wino usiofutika mahali pasipoonekana upesi, kisha itafute ukilichukua. Omba filta kuukuu pia. Iliyotoka kwenye injini muda huo huo ni nzito na inachuruzika oili nyeusi. Kama gari lako linatumia filta ya karatasi inayokaa ndani ya kopo lake, kwa nje huoni chochote; omba karatasi kuukuu pamoja na ringi yake ya mpira, kwa kuwa filta mpya huja na ringi mpya. Kwenye filta ya kufunga kwa mkono, tazama inapokutana na injini. Fundi makini hupaka oili kwenye mpira wake, huikaza mpaka mpira uguse chuma, kisha huongeza robo tatu ya mzunguko. Hatari kubwa ni mpira wa filta ya zamani kubaki umenata kwenye injini na mpya kufungwa juu yake. Mipira miwili ikiachia, presha humwaga oili yote kwa dakika chache.

Boliti ya sampu nayo husema. Washa yake, ile pete ya shaba au alumini, hubanwa mara moja na kupoteza ulaini, kwa hiyo magari mengi hutaka mpya kila sevisi. Bonge la gundi ya silikoni lililozunguka boliti mara nyingi ni dalili kwamba nyuzi zimeliwa kwa kukazwa kupita kiasi, na fundi ameficha ubovu huo.

Kisha hesabu ya lita. Kama kitabu cha gari kinasema lita 4.2 pamoja na filta, na umenunua dumu la lita 5, basi lita 0.8 inapaswa kurudi kwako. Isiporudi, ama imechukuliwa ama imo ndani ya injini, na hili la pili ndilo baya zaidi: kiwango kikizidi sana, krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, huipigapiga oili ikawa povu, na povu halilainishi wala halishiki presha. Dumu lifunguliwe mbele yako, namba ya uzito wa oili kama 5W-30 na daraja la ubora vilingane na kitabu. Hapa ndipo udanganyifu hujificha vizuri zaidi, kwa sababu oili hafifu kutoka kwenye pipa ina rangi ile ile ya asali.

Pima kiwango ukiwa bado gereji. Mwambie fundi awashe injini dakika moja au mbili ili filta mpya ijae, azime, msubiri dakika 5 hadi 10 gari likiwa tambarare, ndipo mchomoe stiki. Filta peke yake hunywa robo lita hivi, hivyo kiwango kilichopimwa kabla ya kuwasha kitashuka injini ikishawaka. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja.

Kwa anayetaka shahidi wa karatasi, dondosha tone moja la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa kabla ya sevisi, na jingine baada ya kilomita 50, kisha uyaache yakauke usiku mzima bila kitu kugusa chini yake. Oili yenye nguvu husambaza masizi yake kwa usawa hadi ukingoni, kijivu kwa kijivu. Iliyochoka huyaacha yamekusanyika katikati kama jicho jeusi, na mduara mweupe kulizunguka. Kwenye petroli tofauti ya matone mawili huwa wazi. Kwenye dizeli yote mawili yatakuwa na giza, kwa hiyo tazama ukali wa ukingo wa lile jicho kuliko weusi wake.