Mafua ya msimu na mafua ya janga kwa watoto waliolazwa: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mafua ya janga, yaani yale ya kirusi kipya kinachoenea duniani kote, humzidishia mtoto ugonjwa kuliko mafua ya msimu, yale yanayorudi kila mwaka. Kirusi cha H1N1 kilichozuka mwaka 2009, hata Shirika la Afya Duniani likatangaza janga tarehe 11 Juni, kilijaza wodi za watoto, na wodi ikijaa ni rahisi kudhani kwamba kila aliyelala humo yuko mahututi. Ukweli ni kwamba tafiti kadhaa zilizolinganisha watoto waliolazwa kwa mafua ya aina hizi mbili zilikuta ukali unaokaribiana, ingawa Argentina, kwa mfano, ilipoteza watoto wengi kuliko kawaida. Kilichobadilika zaidi ni umri wao. Mafua ya msimu hulaza hasa watoto wadogo, wale walio chini ya miaka miwili wakiongoza, ilhali mwaka 2009 waliongezeka watoto wa umri wa shule, wakiwemo wengi wenye pumu. Kirusi kilikuwa kigeni kwa miili ya watoto, lakini wazee wengi walikwisha kukutana na jamaa zake miaka mingi nyuma.

Tena kirusi hicho hakikutoweka janga lilipotangazwa kwisha Agosti 2010. Bado kinazunguka, na leo ni mojawapo ya virusi vya mafua ya msimu.

Wengine huamini kwamba mtoto aliyekuwa mzima kabisa hawezi kulazwa kwa mafua. Hulazwa, tena si wachache. Mvue shati mtoto anayehema: ngozi ikididimia kati ya mbavu kila avutapo pumzi na tundu za pua zikitanuka, apelekwe hospitali mara moja, iwe ni msimu au ni janga.

Ipo pia dhana kwamba oseltamiviri, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, haifai kitu baada ya saa 48 tangu dalili zianze. Ni kweli kwamba hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema, lakini mtoto aliyelazwa hupewa hata akichelewa, bila kusubiri majibu ya maabara, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kukosa kirusi kilichopo. Aspirini asipewe, kwani huhusishwa na ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo.

Chanjo nayo haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Kinga yake huipata kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito.