Kanuni fupi na mashua zinazopaa

Katika mbio za mashua ndogo za tanga kuna njia kuu mbili za kuweka kanuni za vifaa. Ya kwanza ni ya mfano mmoja, kama ilivyo kwa mashua ya Laser: vyombo vyote hutoka kwenye kalibu za namna moja, na anayeshinda ameshinda kwa kuujua upepo na bahari. Ya pili, ambayo ndiyo inayonishughulisha zaidi katika kazi yangu ya kupima vyombo vya mashindano, ni ya madaraja huria, yaani makundi ya mashua ambamo kanuni hutaja mipaka michache tu na mengine yote huachiwa fundi. Hata hivyo, kanuni za madaraja huria nazo hazifanani. Ipo kanuni inayopima kitu, na ipo kanuni iliyoandikwa kwa hofu ili jambo fulani lisitokee. Na kwa maoni yangu, hii ya pili mara nyingi huzaa vifaa vigumu na vya gharama kubwa kuliko kile kilichoogopwa.

Mfano mzuri wa kanuni inayopima ni daraja la Moth, ambalo chimbuko lake ni mashua aliyoiunda Len Morris huko Inverloch, Australia, mwaka 1928. Chombo kisizidi urefu wa milimita 3355 wala upana wa milimita 2250, kiwe na kiwiliwili kimoja, yaani sehemu moja tu inayoelea, na tanga lake lisizidi takriban mita za mraba 8. Uzito hauna kima cha chini. Upana unaopimwa ni wa chombo kizima, na hakuna kifungu kinachosema kiwiliwili chenyewe kiwe kipana kiasi gani. Mafundi waliuona mwanya huo mapema. Wakakipunguza kiwiliwili mwaka hadi mwaka mpaka kikawa chembamba sana, kisha wakaweka mabawa mawili ya kukalia yanayotoka ubavuni hadi kwenye ukomo wa upana unaoruhusiwa, ili mwendeshaji apate mahali pa kuegemea nje na kuizuia mashua isilale. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kusimama chenyewe bila mtu, lakini kimetimiza kanuni.

Baada ya hapo likaja suala la kupaa, yaani kiwiliwili kuinuka juu ya maji kikibebwa na mabawa yaliyozama. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo bawa dogo lililozama linaweza kuinua mashua pamoja na mtu wake, mradi mwendo uwe wa kutosha. Tatizo ni kwamba nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa kasi: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne, na bawa lisilodhibitiwa litapanda mpaka litoke majini, kisha chombo kiporomoke. John Ilett wa Perth alilitatua hilo kwa ufundi ambao bado unanifurahisha kila ninapoukagua. Bawa limefungwa chini ya ubao wa kati, ule unaoshuka majini kutoka katikati ya chombo, likifanya umbo la herufi T iliyopinduliwa, na ukingo wake wa nyuma una kipande kinachocheza kwa bawaba. Kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, inaning'inia fimbo nyembamba ambayo ncha yake huburuta juu ya maji. Mashua ikiwa chini, maji huisukuma fimbo nyuma, na vijiti vinavyopita ndani ya ubao hukishusha kile kipande ili bawa liinue zaidi. Mashua ikipanda, fimbo huanguka kuelekea wima, kipande hurudi juu, na nguvu hupungua. Hakuna betri wala kompyuta. Mwaka 2005 Rohan Veal alitwaa ubingwa wa dunia wa Moth akiwa anapaa kwa mtindo huo, na siku hizi mashua hizi huweza kupita maili 30 za baharini kwa saa.

Kabla ya hapo, katika mashindano ya dunia ya mwaka 2001, Brett Burvill alikuwa ameshinda mbio kwa mabawa yaliyoshuka majini kutoka pande zote mbili za chombo. Daraja lilikataa mpangilio huo kwa hoja kwamba chombo kinachobebwa na mabawa ya kulia na kushoto kimekaribia mno kuwa cha viwiliwili viwili. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa wa kihafidhina. Mimi nauona kuwa wa busara, kwa sababu haukugusa kupaa kwenyewe. Ulisimamia mpaka uliokuwapo tangu zamani, na njia ya kuweka bawa katikati ya chombo ikabaki wazi.

Linganisha na katamarani za daraja A, mashua za viwiliwili viwili zenye urefu wa mita 5.49 na uzito usiopungua kilo 75. Mwaka 2009 daraja hilo liliweka kifungu kwamba mabawa yaingizwe kutoka juu ya kiwiliwili, na ncha za bawa la kulia na la kushoto zisikaribiane zaidi ya mita 1.5. Nia ilikuwa kuzuia kupaa kamili, maana bawa pana lenye umbo la T haliwezi kupenyezwa kwenye tundu jembamba kutoka juu. Mafundi hawakubishana na nia; walisoma maneno. Wakalipinda bawa mpaka likawa na umbo la Z, likapita tunduni kwa kuzungushwa pole pole, na ncha zake zikabaki ndani ya vipimo. Katamarani zikapaa. Ila sasa zilipaa kwa kifaa kigumu kuunda, na baadaye ikabidi mashindano yagawanywe, wanaopaa upande mmoja na wasiopaa upande mwingine. Ninapopima chombo cha namna hiyo nashika utepe kati ya ncha mbili na kuandika namba. Kama chombo kitapaa au la, fomu haiulizi.

Hofu hii si ngeni. Mwaka 1938 Peter Scott, aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa shirika la uhifadhi la WWF, alishinda Kombe la Prince of Wales pamoja na John Winter katika daraja la futi 14 kwa kutumia trapezi, yaani waya kutoka mlingotini unaomwezesha baharia kuning'inia nje ya chombo. Ilipigwa marufuku mara moja, na daraja hilo halikuikubali tena mpaka ilipopita miongo mitatu. Mabaharia wa Lamu, ambao katika mashindano hukaa juu ya ubao uliochomozwa nje upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, wangeshangaa kusikia kwamba kuutumia uzito wa mwili kwa namna hiyo ni hila.

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi ni ya gharama: kwamba bila makatazo, mwenye fedha ndiye atakayeshinda. Ina uzito, kwani Moth ya nyuzi za kaboni si chombo cha mtu wa kipato cha kawaida. Lakini kifaa cha gharama si lazima kishinde: mwaka 2011 baadhi ya washindani walifika Belmont, Australia, kwa mashindano ya dunia ya Moth wakiwa na matanga magumu yaliyoundwa kama bawa la ndege. Moth huingizwa majini ikiwa imelala ubavu, mlingoti na tanga vikiwa majini, na hupinduka mara kwa mara. Tanga gumu huongeza uzito juu na huvunjika kirahisi. Nathan Outteridge alichukua ubingwa kwa tanga la kawaida, na matanga magumu hayakuenea.