Likizo hii watoto wale bure, hakuna anayeuliza karatasi

Shule zikifungwa mwezi wa 5 au wa 6, watoto wetu wengi wanapoteza milo miwili kwa siku, ile ya asubuhi na ya mchana waliyokuwa wanakula shuleni bila mzazi kulipa. Kodi ya nyumba iko palepale, mshahara uko palepale, ila sufuria inabidi iongezwe maji. Mimi nafanya kazi ya lishe kwenye benki ya chakula huku Marekani na hapa naongea hasa na familia zetu zinazoongea Kiswahili, mliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, mkafikia Louisville, Boise, Dallas, Phoenix na kwingineko, kwa sababu chakula cha bure cha watoto kipo, mara nyingi kipo karibu kabisa na apatimenti zenu, halafu watoto wa kwetu hawafiki.

Huu mpango sio msaada wa kanisa wala wa mtu mmoja mwenye roho nzuri. Ni wa serikali kuu, uko chini ya wizara ya kilimo, USDA, ulianza kama majaribio mwaka 1968 na 1975 ukasimama peke yake. Siku hizi mabango yanaandikwa SUN Meals. Vituo vinawekwa shuleni, maktaba, parki, makanisani, mpaka kwenye ua wa apatimenti, na kile kinachoitwa kituo cha wazi kinafunguliwa kwenye mtaa ambao angalau nusu ya watoto wanatoka familia za kipato kidogo. Mtoto yeyote wa miaka 18 kushuka chini anakula, hata yule mdogo ambaye hajaanza shule, hata mgeni aliyekuja kutembelea binamu zake. Kambi za michezo nyingine zinataka mtoto aandikishwe kwanza, lakini kituo cha wazi ni kufika tu.

Sasa hapa kwenye woga ndipo nataka tukae kidogo. Wazazi wananiambia nikimpeleka mtoto wataandika jina langu, jina litafika uhamiaji. Angalieni msimamizi anachofanya pale mezani. Ana karatasi yenye namba zimepangwa, 1, 2, 3, 4, na kalamu, kila trei ikitoka anakata namba moja, basi. Jina la mtoto halipo, jina la mzazi halipo, haulizwi kitambulisho wala unalipwa dola ngapi kwa saa. Na kwa nyie mliokuja kama wakimbizi au mkapewa hifadhi hapahapa, ile habari ambayo watu wanatishana nayo kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba anayepokea msaada ataonekana mzigo kwa serikali, haiwahusu wakati mnaomba green card, yaani kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, sheria yenyewe imewatoa.

Kingine ni aibu, au niseme huruma iliyokosea njia. Mama anasema sisi tunajikaza, tuwaachie wenye shida zaidi. Mama yangu, hapo huwaachii mtu chochote! Shirika linaloendesha kituo linarudishiwa hela kwa hesabu ya sahani walizokula watoto. Watoto 60 wakila, inalipwa 60, wakija 12 inalipwa 12, na mpishi, gari na mafuta vinataka hela ileile. Kituo kisicho na watu mwaka unaofuata hakifunguliwi, na anayeumia ni huyohuyo mwenye shida zaidi uliyekuwa unamwachia. Kwa hiyo mpeleke wako, na wa jirani umpitie.

Chakula chenyewe mchana ni maziwa pakti moja, nyama au kuku au jibini au maharage, mkate au kitu cha nafaka, na matunda au mboga za aina mbili. Ndio, sio ugali na sombe, na najua watoto wetu wengine maziwa baridi hawayagusi. Vituo vingi vina meza ya kugawana, kitu ambacho mtoto hajakifungua anakiweka pale, mwingine mwenye njaa anachukua. Kama nyumbani hamli nguruwe mwambieni msimamizi mapema, siku ya kwanza kabisa, maana menyu inapangwa wiki kadhaa mbele na wengi wakiambiwa wanatafuta mbadala, wasipoambiwa hawajui. Mwenye mzio au ugonjwa apeleke karatasi ya daktari.

Muda ni muda kweli. Bango likisema saa 5 na nusu mpaka saa 6 na nusu mchana, ukifika saa 7 hawawezi kukupa. Mtoto anakula palepale kituoni, sehemu za vijijini tu ndio zimeruhusiwa kugawa cha kubeba, japo majimbo mengi yanamwacha mtoto atoke na tunda lake mkononi. Mzazi hali kwenye trei ya mtoto, hilo wanalisimamia sana kwa sababu wakikaguliwa wananyimwa malipo.

Halafu kuna SUN Bucks, hii ni hela ya chakula kwenye kadi, dola 120 kwa mtoto kwa majira yote ya joto, ilianza rasmi 2024, ingawa mwaka huo majimbo 13 hayakujiunga, Texas, Idaho na Iowa zikiwemo, kwa hiyo ulizeni jimbo lenu likoje mwaka huu. Wanaopata SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, ile tunayoita fudi stempu, watoto wao kwa kawaida wanaingizwa moja kwa moja. Shida ni sheria ya Julai 2025 iliyowatoa kwenye SNAP wakimbizi wasio na green card bado, familia ikishatoka huko usitegemee jina la mtoto litajiingiza lenyewe. Na kama shule yenu inalisha watoto wote bure bila fomu, huenda hujawahi kujaza chochote na kipato chako hakijulikani popote. Nenda ofisi ya shule kabla haijafungwa, uliza fomu ya SUN Bucks, jaza, na hakikisha anwani ni ya sasa hivi, maana kadi inakuja kwa posta na watu wetu tunahama sana. Ikishawekwa hela, isipotumika ndani ya siku 122 inarudi, haiongezwi.

Kujua kituo kilipo, tuma meseji yenye neno FOOD kwenda 304-304 kisha uandike anwani yako, au piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, na ukipokelewa taja tu Swahili, sehemu nyingi wanakutafutia mkalimani. Maktaba nayo pitieni hata kama sio kituo, kuna ubaridi, kuna vitabu, kuna michezo ya watoto, na wale wa pale kaunta wanajua mambo ya mtaa kuliko mtu yeyote. Waulizeni pia tarehe ya mwisho ya kituo chenu, kwa sababu vingi vinafunga wiki moja au mbili kabla shule haijafunguliwa, na hizo wiki ndio za kuzitunzia ile kadi.